Mjomba Aliyelinda Moto kwa Simu

Ndizi za rubisi, pombe ya posa ya Auleria, nimeziharibu mimi. Siyo mvua, siyo mchawi. Mimi Evaristi, tena mwenye diploma ya kilimo.

Kwetu Kiruruma wakwe hawapokelewi kwa rubisi ya kununua. Ndizi zinafukiwa shimoni, moto unakokwa pembeni, moshi unaziivisha taratibu. Lazima mtu akae pale aulinde moto. Dada yangu Beata, mama yake Auleria, alinipa kazi hiyo kwa kuwa ndimi mjomba wa binti. Nikakaa kweli. Na simu yangu.

Shimo lilipofunuliwa, ndizi zilikuwa za kijani, ngumu kama mpini wa jembe. Na wakwe kutoka Nyakatuntu wanakuja keshokutwa!

"Moto ulizimika lini?" Beata akauliza.

"Sijui. Lakini sikubanduka hapa!"

"Eti hukubanduka! Lete simu."

Akampa Auleria. Na nani aliwafundisha watoto wa ukoo kwamba simu inahesabu muda unaoitazama? Mimi. Nikawahubiria kabisa: asiyejipima anaongozwa kama ndama.

Auleria akabonyeza. "Jana: vichekesho, saa sita. Mieleka, saa tatu. Taarifa ya habari, dakika nne." Akaniangalia. "Kweli hukubanduka, mjomba. Macho ndiyo yalihama."

Shemeji Jovin akaangua kicheko.

"Unacheka nini, baba Auleria?" Beata akafoka. "Mwanao apokee wakwe kwa soda? Waseme kwetu hakuna migomba?"

Nikawaka na mimi. "Basi nifukieni humo humo! Mwenye simu ni mimi peke yangu? Jovin, toa yako tuipime!"

Jovin akaisukumiza yake chini kabisa ya mfuko. Ningeendelea kumkoromea, ila nikamwona Auleria. Akaiweka simu yangu juu ya yale majivu, yamepoa kabisa, akaingia ndani. Hasira yote ikanigeukia mwenyewe, na mwenyewe siwezi kujikimbia.

Beata akawaita wanawake wazibebe ndizi wakawape ng'ombe.

"Dada," nikasema, "shambani kwangu kuna mikungu imekomaa. Nichimbe shimo upya, ninyi muwaombe wakwe wasogeze siku. Simu kaa nayo wewe. Niacheni niulinde moto tena, dada, nakuomba."

Beata akapita mbele yangu na mkungu kichwani. Wengine wakamfuata.

"Jamani, nawaomba."