Mwanamke wa Kwenye Noti ya Hamsini

Mimi si mtu wa hasira, ila siku ile ya mwisho ya kubadilisha noti za zamani nilikuwa na hasira tele. Tangu asubuhi nilikaa dirisha namba tatu la benki, watu wamejaa ukumbini mpaka kwenye ngazi, kila mmoja na noti alizozifukua chini ya godoro, kwenye kopo la sukari, ndani ya soksi. Moja ilinuka mafuta ya taa. Nyingine ilikuwa imefuliwa pamoja na suruali, na mwenyewe akanikasirikia mimi kwamba imepauka. Saa kumi juu ya alama tungefunga, na baada ya hapo noti ya hamsini, ile yenye mwanamke anayesuka kikapu, ingekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Nimekua na noti ile. Kabla yake kulikuwa na sarafu, nzito, inatoboa mifuko. Ilipokuja noti, hakuna aliyeiita hamsini. Kwa miaka thelathini na moja iliitwa kikapu. Nauli kikapu kimoja, kunyoa vikapu viwili, na fundi viatu akitaja vikapu vitano unajua utamshusha mpaka vitatu, mtacheka, mtaachana vizuri.

Sasa, mama yangu anasema mwanamke yule ni yeye.

Amesema hivyo dukani, msibani, hata kwa daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba. Anasema alipokuwa msusi kwenye karakana ya vikapu alikuja mchoraji wa serikali, akamkalisha karibu na dirisha, akamchora kutwa nzima, akamwambia, "Wewe ndiye utakayeingia kwenye noti." Shida ni kwamba kuna Bi Rangi, aliyefanya kazi karakana hiyo hiyo kwenye chumba cha rangi, naye anaapa ni yeye. Wawili hao hawajaamkiana tangu noti itoke. Mtaa umeimaliza kesi kwa kuwaita wote waongo, na mama akapachikwa jina la Mama Noti.

Nilipokuwa shuleni wenzangu walininyooshea noti wakisema, "Msalimie mama yako!" Nikajifunza kujibu, "Mama anatania tu." Nimejibu hivyo mpaka utu uzima, na mara nyingine yeye mwenyewe akiwa amesimama pale pale.

Asubuhi ya siku ile alinishika mkono mlangoni. "Mwanangu, leo ndiyo mwisho wake. Kabla haijaondoka, sema mara moja tu kwamba unaniamini."

"Mama, nachelewa kazini," nikamwambia. Kweli nilikuwa nachelewa, lakini si kwa kiasi hicho.

Saa tisa unusu akaingia benki amevaa gauni lake la sherehe. Nyuma yake kwenye foleni, kwa bahati mbaya yangu, alikuwa Bi Rangi. Mama alipofika dirishani alipanga noti zake nane juu ya kaunta, nyuso zote zikinitazama.

"Itazame, halafu nitazame mimi," akasema.

"Mwache mtoto afanye kazi!" Bi Rangi akadakia. "Aliye kwenye noti ni mimi hapa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mtu akapiga mluzi. Dereva mmoja wa lori akapaza sauti, "Wapimwe!" na watu wakaitikia, "Wapimwe!" Nilitamani sakafu inimeze. Msimamizi wetu, aliyekuwa anataka utulivu tu, akatoa lenzi ya kukagulia noti bandia akaiweka mbele ya mama. "Angalieni, mmalize, watu waende nyumbani."

Mama akaishika, akainama. "Kovu hili hapa," akasema, akaisogeza leso yake ya kichwani juu. Juu ya nyusi ya kulia ana kovu la kuanguka kisimani utotoni. Nikachukua lenzi. Lilikuwepo, dogo, limechorwa kwa mistari miwili mpaka kwenye nywele. Mimi ninayekagua noti kila siku, nilikuwa naangalia namba na uzi wa usalama, basi.

Ukumbi mzima ukashangilia. Mama akachukua tena lenzi ajifurahishe, akaishusha taratibu kutoka usoni mpaka kwenye kikapu.

"Hii mikono si yangu," akasema.

"Mama," nikamnong'oneza, "umeshashinda. Nyamaza."

"Huyu anasukia kushoto. Mimi sijawahi kusukia kushoto maisha yangu yote." Akageuka. "Wewe unasukia mkono gani?"

Bi Rangi akainua mkono wake wa kushoto polepole, mpaka watu wote wakauona.

"Mchoraji aliporudi siku ya pili ulikuwa wapi?" akamuuliza mama. "Mimi nilitolewa chumba cha rangi siku ya pili, nikaambiwa nikae dirishani nisuke."

"Huyu alishikwa na surua, nikabaki naye nyumbani siku nne." Mama akaninyooshea kidole, na foleni nzima ikanitazama kana kwamba niliugua makusudi. "Na ile sura, miaka yote hii ulidhani ni yako?"

"Nilidhani amenirembesha," Bi Rangi akasema.

Mama alicheka mpaka akashikilia kaunta. Bi Rangi naye akaanza, wakaegemeana, machozi yanawatoka, na msimamizi akawa anafuta miwani yake kwa tai. Nikawabadilishia noti zao wote wawili. Mama akaigeuza noti mpya, yenye picha ya daraja, akasema, "Daraja! Sasa hili nani atagombana kwa ajili yake?" Wakaondoka wameshikana mikono.

Dereva wa lori akaja dirishani na noti yake moja. "Dada, yule mama wa gauni ni nani?"

Jibu langu la siku zote lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikasimama.

"Ni mama yangu," nikasema, na sikusema kwa sauti ndogo. "Ndiye yule wa kwenye noti. Alikuwa anasema kweli, na mimi sikumwamini."

Mlangoni, mama akasimama. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso, na Bi Rangi anampigapiga mgongoni.

Nikampa dereva noti mpya. Kisha nikatoa nyingine kwenye mkoba wangu, nikamwonyesha msimamizi, nikaitia kwenye droo, na ile ya zamani ya dereva nikajichukulia.

"Unajua baada ya dakika sita hiyo haina thamani," msimamizi akaniambia.

"Najua," nikamjibu, nikamwita anayefuata.