Mkono wa Mwokaji

"Jamani, msinifanyie hivi leo," Mama Mikate aliwaambia samaki, unga ungali viganjani.

Wote walikuwa juu ya maji ya tangi la kioo, vinywa wazi, wakigombea hewa. Chini yao bustani ya mumewe ilistawi kana kwamba hakuna lililotokea: majani mekundu, majani membamba, na nyasi fupi alizozipanda kwa kibano, mche mmoja mmoja.

Mumewe, fundi redio mstaafu, alikuwa anatoka hospitali siku hiyo. Alipolazwa alimwachia maagizo mawili tu: taa ya tangi iwake mchana, na chupa ya hamira isilale, maana mimea hula gesi ya kaboni inayotoka humo kupitia mpira mwembamba. Mama Mikate alicheka. Hamira amfundishe nani, yeye aliyezeeka akioka? Basi jana, kwa furaha ya kumpokea mzee, akakoroga chupa mpya kwa mkono wa mwokaji: maji ya uvuguvugu, sukari bila kupima, hamira ya kuumua karai zima. Usiku akazima taa, mpira akauacha majini. Mzee huuchomoa kila jioni, lakini yeye alidhani ni ubahili wake wa kawaida. Kumbe gizani mimea haili, na gesi yote ilibaki kuwakaba samaki.

Aliuchomoa mpira, akawasha taa, akachukua kikombe. Akachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yavute hewa. Akachota tena, na tena. Jikoni unga uliumuka, ukafurika, ukaanguka kando ya karai. Hakuwahi kuharibu unga wa wateja maishani mwake. Leo aliuacha uende zake. Kila alipompigia simu hospitalini, mzee aliwaulizia samaki kabla hajamuulizia yeye. Wivu ulimshika kidogo, lakini alimpenda mno, na hakutaka avuke kizingiti akute msiba.

Mlango ukafunguliwa. Binti yao aliingia amemshika baba yake mkono.

"Nyumba nzima inanukia hamira," mzee alisema. "Umewaokea samaki mkate?"

"Nimekuulia samaki wako, mzee wangu." Machozi yakamtoka waziwazi. "Nilitaka uikute mimea yako imeshiba."

"Baba, kaa kwanza," binti alisema, akimsogezea kiti karibu na tangi.

Mzee alikaa, akaitazama chupa iliyokuwa bado inatoa povu, kisha majani yaliyojaa vipovu kila upande. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi naipa mimea kwa kijiko, wewe umeimwagia gunia!"

"Usinicheke."

"Lete hicho kikombe."

"Daktari kasema usinyanyue kitu."

"Kasema kitu kizito. Lete, mke wangu, umechoka."

Alimpa kikiwa nusu. Kikombe kilimlemea mzee, maji mengine yakamwagikia suruali, naye Mama Mikate akaweka kiganja chake chini ya kile cha mumewe. Wakamimina. Samaki mmoja mdogo aliufumba mdomo, akageuka, akashuka polepole kati ya majani.

"Huyo," mzee alinong'ona.

Wakachota tena, wakiwasubiri wengine.