Paka Aliyekaa Eda

Eda ya Moza ilikuwa imekwisha, na Igombe nzima ilijua imekwisha, ila mwenyewe hakutaka kuambiwa. Walimtoa nje, wakamvika nguo mpya, wakasoma dua. Wageni walipogeuza migongo tu, akarudi ndani, akavaa nguo zake za msiba na kukaa palepale mkekani, dirishani, akitazama ziwa.

Ziwa nalo, jua likishapanda, lina uchawi wake. Maji na mbingu vinakuwa rangi moja, hujui kimoja kinaishia wapi, na wadudu wake wadogo wadogo, makundi kwa makundi, wanainuka mbali huko kama moshi wa jiko la mtu usiyemjua. Moza akitazama anasinzia. Akisinzia anasikia kengele ya baiskeli: kling, kling. Nurudin huyo anarudi! Anafumbua macho, hamna kitu. Basi anayafumba tena, makusudi, asikie.

Nurudin, marehemu mumewe, alikuwa fundi baiskeli. Ndiye aliyempa paka wao jina la Breki, siku alipokuwa anaijaribu baiskeli ya mtu na kipaka hicho kikajitupa mbele ya gurudumu. Alikamata breki mpaka akaenda kuangukia chanja la dagaa la jirani yao Sabina. Baiskeli ikapinda, fundi akavimba goti, na paka akahamia kwao siku hiyohiyo.

Sasa Breki alikuwa ameinamisha kichwa. Kidevu kimegusa kifua, hakiinuki, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Akitembea anayumba, akisimama anainama. Sabina ndiye aliyelianzisha neno.

"Huyo anamlilia marehemu," alisema alipoleta bakuli la dagaa. "Mtazame. Mfiwa kabisa."

Paka na matanga, wapi na wapi! Lakini neno lilimwingia Moza likakaa. Watu wote walikuwa wamesharudi kwenye shughuli zao. Hata Hadiya, wifi yake, damu moja na marehemu, alikuwa anacheka kwenye simu. Aliyebaki kwenye msiba ni Breki peke yake. Moza akamtandikia khanga kando ya mkeka wake, wakawa wanakaa wawili, kimya, mchana kutwa, na ukungu wa ziwa unaingia dirishani na kutoka. Alimpenda paka yule siku hizo kuliko alivyowahi kumpenda kiumbe chochote.

Hadiya alikuwa na duka la vitambaa Buzuruga, na kila siku alimletea wifi yake chai ya chupa na chakula kwenye hotpoti. Siku moja alimwona Breki akilikosa bakuli, anaramba sakafu pembeni yake. Kesho yake alikuja na Daktari Gladness, daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye begi la ngozi na buti zenye tope la mazizi ya watu.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba," daktari alisema, akachutama. "Naomba nimwone mgonjwa."

"Marahaba. Hapa hakuna mgonjwa. Kuna mfiwa."

Daktari hakubishana. Alivaa glavu, akauliza kama paka aling'atwa na mbwa siku za karibuni, kwa maana kichaa cha mbwa hakina mzaha. Hakung'atwa. Akampima joto, homa hana. Masikio safi, kidonda hamna. Akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, akaachia, kichwa kikashuka taratibu mpaka kifuani. Kisha akambeba hadi mlangoni, kwenye jua kali. Paka yeyote juani mboni zake hujifinya zikawa kama uzi. Za Breki zilibaki wazi, nyeusi, kubwa, kana kwamba kwake yeye ni usiku.

"Anakula nini huyu?"

Hapo Moza akajivuna kidogo. "Dagaa. Wabichi, wa asubuhi. Paka wa watu wanakula makombo, huyu wangu anakula dagaa wanaong'aa bado."

"Na kingine?"

"Cha nini?"

"Zamani je?"

"Zamani alikuwa anakula na baba yake. Ugali, samaki wa kupika, chochote tulichopika."

"Na siku hizi mama unapika nini?"

Hadiya alitazama hotpoti yake. Jiko la mkaa lilikuwa uvunguni, halijaona moto tangu siku ya mazishi, na wote wawili walilijua hilo wala hawakuwahi kulitamka.

"Dagaa wabichi wana kitu ndani yao," daktari alisema polepole. "Paka akila hao tu, siku zote, kinamharibia vitamini inayoendesha mishipa ya fahamu. B-one. Anaishiwa kidogo kidogo. Shingo inalegea, macho hayaoni vizuri, mwisho inakuja degedege. Ukiwapika, kile kitu kinakufa. Huyu halii, mama. Anaishiwa."

Moza alimtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nalia peke yangu?"

Loo! Swali la kumuuliza daktari wa mifugo hilo? Gladness alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Sijui kama paka wanalia, mama. Ninachojua huyu anakufa."

"Basi mwacheni afe na msiba wake! Nani amekuita? Ondokeni!"

Daktari akafunga begi, maana mnyama ni wa mwenyewe na hachomwi sindano kwa nguvu. Akatoka, Hadiya nyuma yake akiomba samahani. Moza akabaki na mwenzake. Ziwa lilikuwa jeupe, hakuna upepo. Akafumba macho asikie kengele.

Alichosikia ni kucha zikikwaruza sakafu. Breki alikuwa ameanguka ubavu, miguu imekakamaa, anatetemeka mwili mzima, povu mdomoni, na yale macho meusi hayamwoni mtu. Moza alimshika, akamwachia, akamshika tena. Akajua kwa hakika kwamba huyu anakwenda kama mumewe alivyokwenda, mikononi mwake, naye amekaa tu.

"Daktari! Daktari, rudi! Rudi mwanangu!"

Alipojitambua alikuwa ufukweni, miguu mitupu juu ya mchanga wa moto, katikati ya dagaa walioanikwa, na Sabina amesimama na ufagio mdomo wazi.

Daktari Gladness alirudi mbio. Breki alichomwa sindano ya vitamini ile huku Hadiya amemshika kwenye khanga. Baadaye akatulia, anapumua, kichwa bado kimeinama.

"Nitakuja kumchoma tena kesho na keshokutwa," daktari alisema. "Sindano itamwinua. Kubaki ameinuka, hiyo ni kazi ya sufuria yako, mama."

Kesho yake jioni, daktari alipokwisha kuchoma sindano ya pili na kwenda zake, Moza alivuta jiko kutoka uvunguni. Utando wa buibui ulikuwa umetanda juu yake. Akatia mkaa. Kibiriti kilikuwepo, ila mkaa ulikuwa umevuta unyevu, haushiki. Nurudin ndiye aliyekuwa akimwashia, kila jioni, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na kila jioni walikuwa wanagombana: "We mwanaume, chai yangu mpaka lini inanuka mpira?" Moza akaenda kwenye kisanduku cha vifaa, akachana kipande cha tyubu, akakiwasha.

Moshi mweusi ukapanda. Harufu ile mbaya, tamu, ikajaa nyumba nzima, na Moza akachuchumaa pale akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi kilimkatalia. Alilia huku anapuliza moto. Mkaa ukashika. Akabandika dagaa.

Maji yalipochemka aligeuka kumtazama Breki. Paka alikuwa ameinua kichwa. Pua inacheza, inatafuta ule moshi. Akasimama, akayumba kidogo, akajishika. Kisha akampita Moza, akalipita jiko na sufuria yake, akaenda mpaka kizingitini. Akakaa pale, masikio yamesimama, anatazama njia ya baiskeli. Alikuwa anamsubiri mtu ambaye moshi ule haujawahi kuja bila yeye.

Moza alimwacha akae. Jua lilikuwa linazama ziwani, maji yamekuwa rangi ya chai. Akaepua sufuria, akasonga ugali mdogo, akapakua sahani mbili, akaenda kukaa kizingitini.

"Hayupo, Breki," alisema. Lilikuwa neno ambalo hajawahi kulitamka. "Baba hayupo. Njoo tule."