Kipepeo wa Sebastiani

Maharage yalikuwa yakichemka taratibu, na walimu walikwisha kupotelea mlimani, Silvana alipomwaga maji ya vyombo mahali pale pale alipoyamwaga tangu walipopiga kambi: chini ya jiwe bapa, mbali na moto. Mpishi wa shule hamwagi maji ovyo. Yalikuwa maji ya chumvi, ya majivu ya kusugulia masufuria na mabaki ya uji wa ulezi, na ardhi pale ilikuwa imegeuka tope jeusi.

Ilikuwa siku ya mwisho. Likizo ya Juni, baridi ya Ufipa inauma masikio, na walimu wa shule moja ya Sumbawanga walikuwa wamepanda milima ya Mbizi na turubai la kuazima, wakimtafuta kipepeo ambaye vitabu vyao havikumjua. Habari zake waliambiwa na Silvana. Silvana naye aliambiwa na mumewe, marehemu Sebastiani, aliyekuwa akichunga ng'ombe huku juu kabla watu hawajahamishiwa kijiji cha ujamaa.

Kusema kweli, Sebastiani alichekwa sana. "Buluu kama kitambaa cha dukani," alikuwa akisema kilabuni, "ukingo mweusi, na doa la chungwa kila bawa la nyuma." Wenzake wakamuuliza siku hiyo alikuwa amekunywa vibuyu vingapi. Jina likamganda: Sebastiani Kipepeo. Hata siku ya maziko mtu mmoja alimtaja hivyo, na watu wakaficha vicheko nyuma ya viganja. Silvana alisikia. Jambo lile lilimuuma mpaka leo.

Sasa zamu ya kuchekwa ilikuwa yake. Jana jioni Mwalimu Huseni, kijana mwenye mdomo, alikuwa akikanda miguu yake karibu na moto. "Mama Silvana," akasema, "huyu kipepeo wako naona naye amehamishiwa kijijini." Walimu wakacheka. Mwalimu mkuu, mzee Ambilikile kutoka Mbeya, hakucheka, lakini alisema kwamba kesho wakimkosa watafunga mizigo.

Sasa, maji ya vyombo yakiisha kumwagwa, Silvana akageuka kufuata mwiko. Hapo akamwona.

Alikuwa ametua topeni, amekunjua mbawa. Buluu. Ukingo mweusi. Doa la chungwa, huku na huku. Alikuwa akinyonya yale maji ya vyombo bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa.

"Kumbe, Sebastiani," Silvana alinong'ona. "Kumbe, mume wangu."

Afanye nini? Akiita, kipepeo ataruka. Akiwafuata walimu, atarudi akute tope tupu, na kuanzia leo ataitwa Silvana Kipepeo. Jua nalo lilikuwa limeanza kulikausha tope. Akachuchumaa polepole, akavuta kata ya maji iliyokuwa karibu, akawa anadondosha tone moja moja. Kipepeo akabaki.

Nyuma yake maharage yakaanza kukauka. Miaka yote aliyopika shuleni, Silvana hakuwahi kuunguza hata uji. Walimu walibishana juu ya kila kitu, lakini juu ya hilo hawakubishana. Mkono wake ulitaka kwenda kwenye sufuria. Akauzuia. Harufu kwanza ilikuwa nzito, kisha ikawa kali, kisha moshi mweusi ukapanda mlimani. Machozi yalimtoka kwa moshi, na kwa aibu pia.

Huko juu walimu walisikia harufu, wakatazamana. Chakula cha Mama Silvana kinaungua? Basi amepatwa na jambo. Wakateremka mbio, mzee Ambilikile mbele, kofia mkononi.

Mwanamke wa Kifipa aliyelelewa vizuri hampokei mkubwa kwa mgongo. Hupiga magoti, akainama, akapiga makofi ya taratibu. Hivyo ndivyo Silvana alivyomwamkia mwalimu mkuu kila asubuhi. Leo hakugeuka. Aliinua kiganja tu, hapo hapo alipochuchumaa, kumzuia.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Shikamoo yako nitakupa baadaye."

Huseni alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Akaufunga.

Mzee Ambilikile akanyata, akashusha magoti yake mabovu chini, moja, kisha la pili, mpaka akawa sawa na mpishi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Marehemu alisemaje?" akauliza. "Nieleze kama alivyosema mwenyewe."

"Buluu kama kitambaa cha dukani."

"Ndiyo."

"Ukingo mweusi."

"Ndiyo, mama. Nauona."

"Na doa la..."

"La chungwa," akasema Huseni nyuma yao, taratibu. "Kila bawa la nyuma."

Hakuna aliyekwenda kuepua sufuria. Silvana alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akainamisha kata, akadondosha tone jingine topeni. Kipepeo akafumba mbawa, akazifumbua, akaendelea kunywa.