Vifaranga wa Mama Helena

Felisian alikuwa ameshakata umeme nyumba tisa tangu asubuhi, na alipofika kata ya Bweri hakuwa na neno lililobaki la kumwambia mtu. Mwaka huo serikali ilifuta bei nafuu ya watumiaji wadogo. Redio ilitangaza, bili ikaja mara tatu ya ile ya zamani, na aliyeshindwa kulipa alikatiwa.

Mama Helena, mjane mfuga kuku, alikuwa anapalilia mihogo. Alipoiona ngazi begani kwa Felisian akaweka jembe chini.

"Umekuja, mwanangu."

"Nimekuja, mama."

"Si tulipeleka barua wizarani, kata nzima? Walijibu." Akaingia ndani, akarudi na karatasi yenye muhuri. Felisian akaisoma amesimama. Maoni ya wananchi yamepokelewa. Bei mpya itaendelea kutumika.

Akamrudishia.

"Nina vifaranga mia mbili chini ya balbu," mama alisema. "Wana siku nne. Ningojee wiki mbili tu, waote manyoya. Miaka yote si nilikuwaga nalipa?"

"Ulikuwa unalipa, mama. Lakini jina lako liko kwenye orodha. Siwezi."

Mama Helena hakubishana. "Basi ngoja niwashe jiko."

Felisian akamsaidia kubeba maboksi ya vifaranga mpaka chumbani kwake, wakayapanga kuzunguka jiko la mkaa. Vifaranga walilia humo ndani, wakipanda migongo ya wenzao. Felisian alikuwa amewabeba kama mtu anayebeba mchanga. Kisha akapanda nguzo, akakata, akashuka, akaandika saa kwenye orodha.

Siku ya tatu alipita tena njia ile. Mama Helena alikuwa anachimba shimo nyuma ya banda.

"Mkaa ulizimika nikiwa nimesinzia," alisema. "Wamebaki thelathini na mmoja."

Felisian alingoja uchungu uje, haukuja. Akachukua jembe mikononi mwa mama, akamalizia shimo, akafukia, akashindilia udongo kwa buti. Mama akamletea maji ya kunawa, akashukuru.

Nyumbani Nyakato, mkewe Dorotea alimuuliza kazi ilikuwaje.

"Kawaida."

Akala ugali na furu, samaki wadogo wa ziwani, mpaka sahani ikawa nyeupe, akalala. Kesho yake ofisini akapewa orodha ya Bunda. Ilikuwa na kurasa mbili.