Nyasi za Royce

Tangu kiharusi kimwangushe, Royce Mabry hakutoka nje. Alishinda kwenye kiti dirishani, miguu ikizidi kusinyaa, na daktari alishasema waziwazi: asipoanza kutembea kabla ya theluji kuanguka, asitarajie kutembea tena. Mkewe, Nadine, alibembeleza mpaka akachoka.

"Nitoke niende wapi?" Royce alimfokea mwezi wa saba, jua la Missouri likiwa limeunguza uwanja wa mbele ukabaki vumbi tupu. "Nikatembee jangwani, watu wanicheke? Nyasi zikiota, nitatoka."

Mwanamume aliyezitunza nyasi zake kuliko meno yake! Basi Nadine akajifunga kibwebwe.

Watu wengi mtaani walimwaga mbegu wakati wa machipuko, zikaota vizuri, kisha kiangazi kikazikausha. Nadine hakuitaka haraka hiyo. Alingoja joto livunjike, mwezi wa tisa, akakwaruza ardhi kwa reki, akapanda, akawa anamwagilia asubuhi na jioni.

"Jirani, unamwagilia matope?" Verlin, wa nyumba ya pili, alimtania. "Viazi tunavuna lini?"

"Vikiwa tayari utasikia harufu tu. Kuonja, huonji."

Mbegu zikachomoza. Mara majani ya mwaloni uliosimama uwanjani yakaanza kudondoka, na yakiachwa huozesha miche. Aliyazoa kila siku, mgongo ukimuuma, viganja vikitoka malengelenge. Mwezi wa kumi ulipoishia, uwanja ulikuwa kijani kibichi.

"Haya, mume wangu. Nyasi ndizo hizo."

Royce akazitazama. "Bado changa. Mwakani."

Mwakani! Nadine alitoka, akaburuta mashine ya kukatia nyasi kutoka gereji, akashusha kisu chini kabisa. Alijua anachofanya. Ukizinyoa nyasi changa kipara wakati baridi inaingia, hazifiki machipuko, na jasho lake lote lingekwenda bure. Akavuta kamba, mashine ikanguruma. Nyuma yake ukabaki mstari wa njano. Moyo ulimuuma, lakini hakusimama.

Dirisha likagongwa kwa nguvu. "We Nadine! Umerogwa? Pandisha kisu!"

Akajitia kiziwi, akageuza, akaanza mstari wa pili.

Mlango ukafunguka. Royce alikuwa amesimama kizingitini, ameng'ang'ania fremu yake ya kutembelea, uso umemwiva.

"Unaziua, mwanamke!"

"Naziua, ndiyo. Njoo unizuie."

Akaja. Alishuka kibarazani akitetemeka mwili mzima, mguu wa kushoto ukiburuzika. Verlin, aliyekuwa akitazama kutoka uwanjani kwake, alipotaka kukimbia kumsaidia, Nadine alimtolea macho, naye akagota pale pale. Royce alifika akihema, akaiachia fremu, akashika mpini wa mashine kwa mikono miwili.

"Zima."

Nadine akazima. Royce akainama polepole, akapandisha kisu, akainuka.

"Washa. Halafu nishike mkanda kwa nyuma. Mikono yangu usiiguse."

Nadine alimshika mkanda, machozi yakimtiririka, wala hakujali nani anamwona. Wakaenda hatua kwa hatua hadi mwisho wa uwanja.

"Mzee, mstari umepinda huo!" Verlin alipiga kelele.

Royce akageuka kuutazama mstari wake. Ulikuwa umepinda kweli.

"Geuza mashine, Nadine," alisema. "Turudie."