Majina Manne Chini ya Ukingo

Kimbunga kilikuwa kimebakiza muda wa saa tisa kutufikia, na ukurasa ambao watu walikuwa wakiusoma ili wajue kama wahame au wabaki, niliutengeneza mimi.

Nilikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi ya maafa ya wilaya yetu, mashariki mwa kisiwa cha Samar. Saa nne asubuhi tuliweka kwenye tovuti orodha ya vijiji kumi na vinne vilivyotakiwa kuhama kabla ya saa nane mchana. Orodha ilikaa ndani ya kisanduku chekundu juu kabisa ya ukurasa. Kwenye skrini yangu majina yote yalionekana, nikaenda kujimiminia kahawa.

Saa tano akanipigia shangazi yangu Puring, anayeishi Kanlusot, hatua chache kutoka ufukweni.

"Dalisay, mwanangu, leo umetuhurumia. Nimeshawaambia majirani sisi hatumo. Nimebandika wali."

"Hamumo wapi, shangazi?"

"Kwenye tangazo lako. Naliangalia hapa kwenye simu. Vijiji kumi, Kanlusot hakuna."

"Nisomee jina la mwisho."

"Hinabasan. Mbona sauti yako hivyo?"

Hinabasan lilikuwa jina la kumi. Kanlusot lilikuwa la kumi na moja.

"Shangazi, epua huo wali. Mmo. Ondokeni sasa hivi, na uwaambie majirani."

Teopisto, mwenzangu wa kwenye redio ya mawasiliano, alikuwa amenisikia. "Mnunulie mama wa watu miwani," akasema.

"Miwani anayo. Na bado amekuza herufi za simu."

Nilipotamka hivyo nikaelewa pa kutazama. Nikachukua simu ya Teopisto, nikakuza herufi hadi mwisho, nikafungua ukurasa. Herufi zilikuwa zimenenepa lakini kisanduku kilibaki na kimo kilekile, na majina manne ya mwisho yalikuwa yamezama chini ya ukingo. Hapakuwa na nukta wala alama ya kumwambia msomaji kwamba kuna kilichobaki.

Mwezi uliopita mkuu wetu, Bwana Eustaquio, alilalamika kwamba maneno yanamwagikia kitufe cha chini. Nikakipa kisanduku kimo kisichobadilika na kuamuru kinachozidi kifichwe. Ilikuwa mistari miwili tu, na nilisifiwa kwayo.

Niliifuta ile mistari. Kisanduku kikashuka, majina yote yakatokea. Lakini ukurasa ule ulikuwa na visanduku vingine kumi na kimoja: shule za kujihifadhi, namba za waokoaji, barabara zilizofungwa, na baadhi nilivibana vivyo hivyo mwezi ule ule. Vingapi navyo vilikuwa vimeficha kitu? Hapakuwa na muda wa kukagua kimoja kimoja kwa macho, kwa kila aina ya simu.

Nikaandika msimbo mfupi wa kukiuliza kila kisanduku mambo mawili: sehemu yako inayoonekana ina kimo gani, na vyote ulivyobeba, pamoja na vilivyofichwa, vina kimo gani? Cha pili kikizidi cha kwanza, chora mpaka mweusi. Nikauendesha kwa herufi kubwa. Hakuna mpaka hata mmoja uliochorwa.

"Afadhali," Teopisto akasema.

"Ngoja kwanza."

Nilitengeneza nakala ya pembeni, nikairudishia ile mistari miwili kwa makusudi, nikaipima. Msimbo ukajibu kwamba kila kitu kiko sawa, na mimi nilikuwa nayatazama majina yaliyokatwa kwa macho yangu. Kipimo changu kilikuwa kinadanganya. Upepo ulishaanza kutikisa madirisha.

Ilinichukua dakika kumi kugundua. Msimbo ulikuwa unapima ukurasa unapofunguka tu, wakati herufi zetu wenyewe, zenye umbo tulilolichagua, hazijashuka kutoka mtandaoni na simu imeazima herufi nyembamba za muda. Zetu zikifika, maneno yanatanuka, na kipimo kimeshapita. Nikauamuru usubiri herufi zifike ndipo upime. Nakala ikachorwa mpaka mweusi pale pale. Kwenye ukurasa wenyewe ikachorwa miwili: shule za kujihifadhi na namba za waokoaji. Nikavirekebisha visanduku vyote viwili.

Lakini waliokwisha kusoma walikuwa wamekwisha kusoma. Teopisto akaviita vile vijiji vinne. Vitatu vikaitika, Kanlusot wakasema wako njiani. Tagbiri wakawa kimya. Nikampigia kapitan wao, yaani mkuu wa kijiji, Hermogenes, mara sita kabla hajapokea.

"Kapitan, Tagbiri mmo kwenye orodha. Hameni."

"Ofisi yenu imesema hatumo."

"Tumekosea. Nimekosea mimi, kapitan. Ule ukurasa ni kazi yangu."

Nilisikia upepo kwenye simu, na kuku.

"Watu wangu walishapanda malori," akasema taratibu. "Nikawashusha. Malori nikayarudisha mjini. Unanielewa, binti?"

"Nakuelewa."

"Basi yarudishe."

Bwana Eustaquio aliyarudisha. Mimi nilibaki nimeishika simu, naogopa isilie na naogopa ilie. Saa kumi alasiri ikalia: lori la mwisho limetoka Tagbiri, maji yakiwa nusu ya matairi.

Kimbunga kilipita. Kesho yake nyumba za ufukweni Tagbiri hazikuwepo, safu nzima. Watu walikuwa hai wote; aliyeumia ni mzee mmoja, aliyevunjika mkono akikimbilia lori. Nikamweleza mkuu wangu ile mistari miwili na jinsi ilivyoingia. Akasema taarifa ya kosa hilo tutaisaini wote wawili, kwa kuwa aliyelalamikia kitufe ni yeye.

Nikaenda shuleni walikolala watu wa Tagbiri. Nilisimama mlangoni. Kapitan Hermogenes aliinuka.

"Ndiye wewe wa kompyuta?"

"Ndiye mimi, kapitan."

Sikuona msamaha usoni mwake, na hakunigombeza. Alinipa ndoo. "Upande ule maji ya kunywa yamekwisha," akasema.

Nilibeba maji mpaka mchana.